Magunia ya Lami Kwenye Msiba wa Mama

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, mwaka tisini na tatu, alfajiri, nilimpoteza mama yangu, na kabla ya adhuhuri ya siku hiyohiyo nilikuwa nimewaharibia kanzu wanaume karibu wote wa mtaa wetu. Nayataja yote mawili kwa pamoja kwa sababu ndivyo yalivyotokea, na kwa sababu watu wa Dodoma wanaonifahamu wakinikumbusha la kwanza hawachelewi kunikumbusha la pili. Aibu bado ninayo, ingawa wakicheka na mimi hucheka.

Wakati ule nilikuwa kibarua wa barabara. Ilikuwa miaka ile serikali inapunguza watu kazini, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa sokoni, na mimi niliyepunguzwa nilichukuliwa na mkandarasi mdogo aliyepewa kutengeneza barabara fupi ya zege karibu na soko, barabara ya zamani ambayo wengi walidhani itavunjwa yote iwekwe mpya. Pesa ya kuvunja yote haikuwepo, wala haikuhitajika. Tulikuwa tunapita bamba kwa bamba tukigonga kwa nyundo (bamba zima lina mlio mkavu, lenye uwazi chini yake linalia kama debe), lililo zima tunaliacha, lililomeguka pembeni tunachonga pale palipoharibika tu na kujaza zege jipya, halafu maungio yote tunayasafisha udongo na kuyaziba kwa lami ya moto, ili mvua ikinyesha maji yasipenye chini na kuuchimba udongo. Kazi yangu mimi ilikuwa ni hiyo lami. Nilikuwa nayo kila siku, kwa hiyo asije mtu akanitetea kwamba sikuijua.

Mama aliugua kwa muda mrefu. Alipozidiwa, ndugu yake wa pekee, Mjomba Salimu, alikuja kutoka Kondoa akakaa nasi mpaka mwisho. Mama alikuwa ameniambia, tukiwa wawili tu, kwamba nisimtoe Dodoma, nimweke karibu na baba. Lakini asubuhi ile, kabla hata maji ya kuoshea hayajachemka, mjomba alikuwa ameshaagiza pikapu, nayo imesimama mlangoni.

"Mjomba, mama alisema azikwe hapa," nikamwambia.

"Hapa una nani, Saidi?" akaniuliza. Hakuniuliza kwa ukali. "Baba yako hayupo, ndugu huna, wewe mwenyewe kutwa uko barabarani. Kwetu watu watajaa uwanja. Hapa atazikwa kama mpita njia."

"Majirani wapo."

Akaitazama pikapu. "Haya. Nitakaa hapa mpaka adhuhuri. Nikiona una watu wa kumzika dada yangu, azikwe. Nikiona huna, gari liko hapo nje."

Basi hapo ndipo nilipoanza kukosea. Mama Zaituni, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuja akaniambia, "Mwanangu, wageni watakalia nini? Ngoja niwatume vijana wakaazime mikeka, mmoja huku, mmoja kule, itatosha." Jambo la kawaida kabisa, kila msiba wa mtaani ndivyo unavyokuwa. Lakini mjomba alikuwa amesimama pale anasikia, na mimi nikahofia kwamba mikeka ikianza kuingia mmoja mmoja kutoka nyumba za watu ataniona sina hata pa kumkalisha mgeni, nikasema, "Usijisumbue mama, vya kukalia vipo." (Havikuwepo. Tangu siku ile nikiulizwa kama kitu kipo, kwanza nakwenda kukitazama.)

Ufunguo wa stoo ya kazini nilikuwa nao mimi. Nikaenda haraka, nikakuta magunia. Sasa, kazini tulikuwa na magunia ya aina mbili. Yapo ya kulowesha maji na kufunikia zege jipya, maana upepo wa Dodoma hulikausha zege likapasuka kabla halijakomaa, na yapo ya kupigia magoti tunapomimina lami. Yale ya maji yalikuwa barabarani kazini. Niliyoyakuta stoo ni yale ya magoti.

Niliyakagua, hilo naomba mlielewe. Ilikuwa asubuhi na baridi ya mwezi wa saba mnaijua, upepo unapenya mpaka kwenye mifupa, na lami kwenye yale magunia ilikuwa ngumu kama kigae. Nikaipitisha kiganja, mkono ukatoka safi. Nikajiambia imekauka. Nikayabeba kwa mkokoteni, nikayatandika uani upande safi ukiwa juu, yakapendeza, hata mjomba akatikisa kichwa kukubali, akakaa kwenye la mbele karibu na shehe.

Watu walikuja. Walikuja wengi kuliko nilivyotegemea, wamevaa kanzu nyeupe zilizopigwa pasi, wakatoa pole, wakakaa, kisomo kikaanza, na mimi nilikuwa natazama mlango na kumtazama mjomba, mlango na mjomba, naona anahesabu kimyakimya. Moyo ukaanza kutulia. Jua nalo likapanda. Uani kwetu hapakuwa na mti wala turubai, na jua la Dodoma, hata mwezi wa saba, likishafika utosini halina mzaha.

Hapo akaingia Lazaro. Lazaro ndiye aliyekuwa msimamizi wetu kazini, Mgogo, Mkristo, mtu mzima mwenye maneno mengi, na kwa kuwa ukoo wa baba yangu ni Wanyamwezi, kwetu yeye ni mtani, ana ruhusa ya kusema lolote msibani. Alikuja na suruali yake ya kanisani. Akanipa mkono wa pole, kisha akatazama chini, akatazama tena.

"Saidi," akaninong'oneza, "hayo magunia umeyatoa wapi?"

"Stoo."

"Stoo yangu?"

Sikupata nafasi ya kujibu. Kisomo kilikuwa kimekwisha, mama alikuwa ameshaoshwa na kukafiniwa, na shehe akainuka ili tujipange kumsalia. Aliinuka yeye, na gunia likainuka naye. Lilimshika kuanzia kiunoni kwenda chini kama mkia mpana, akageuka kutazama ni nani anayemvuta, nalo likageuka naye. Mtu wa pembeni akalishika ili amsaidie, akavuta kwa nguvu, likatoka na mlio ambao sitausahau, na nyuma ya kanzu ya shehe pakabaki mapande meusi yanayong'aa, lami iliyolainishwa na jua ikapenya gunia. Wengine waliokuwa wameanza kuinuka wakasimama nusunusu. Mzee mmoja akasema, "Jamani, mimi sitoki." Kila upande unasikia tu mlio wa kubanduka. Mjomba Salimu alijaribu mara moja, akakaa chini tena, akabaki ametazama mbele.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaenda katikati nikasema, "Jamani nisameheni, ni magunia ya kazini, nilidhani lami imekauka." Mama Zaituni akatoka na chupa ya mafuta ya taa na matambara, akaanza kugawa, na kwa dakika chache msiba wa mama yangu ulikuwa ni wanaume wazima wanafutana matako kwa mafuta ya taa. Lami haikutoka. Ilisambaa.

Nikajua limekwisha. Kila mtu nyumbani kwake pana kanzu nyingine au kikoi, wataondoka kwenda kubadili, adhuhuri iko karibu, wengi hawatarudi (nisingewalaumu), na mjomba ataona uwanja mtupu. Wawili watatu walikuwa wameshaanza kuelekea mlangoni. Dereva wa pikapu alikuwa ameshawasha gari.

Hapo Lazaro akajongea katikati. Akachagua gunia, akavuta suruali yake ya kanisani magotini, akakaa. Akajitikisa vizuri ili lami imshike. Kisha akainuka nalo.

"Wanyamwezi nyie wabaya," akasema. "Mnazika kwa sare halafu mtani hamumwambii?"

Mtu akacheka puani. Mwingine akajifunika uso kwa kofia, mabega yanamtikisika. Halafu kicheko kikapita uani kote, cha chini, cha watu wanaojua wako msibani, hata wale wa mlangoni wakageuka.

"Shehe," mmoja wao akauliza, "tunaweza kusali hivi?"

Shehe alikuwa bado anajitazama nyuma. "Lami si najisi," akasema. "Ni uchafu tu. Pangeni safu."

Wakapanga safu. Hakuondoka mtu. Mjomba alichelewa kubanduka, ikabidi mimi na Lazaro tumvute kila mmoja mkono wake, kwa hiyo akasimama safu ya mwisho na mimi ubavuni kwake, na mbele yetu ilikuwa ni migongo tu, safu kwa safu, yote meusi chini ya kiuno, na uani pote pananuka mafuta ya taa. Aliihesabu migongo ile. Kisha akamgeukia dereva mlangoni.

"Zima gari," akasema.

Tulipita na jeneza kwenye barabara yetu ya zege, tukipokezana mabega kama ilivyo desturi. Zamu yangu na ya mjomba ziliangukia pamoja, yeye kulia, mimi kushoto. Tulikwenda bila kujikwaa, maungio yote yalikuwa yamezibwa.

"Ndiyo hii mnayotengeneza?" akaniuliza bila kugeuka.

"Ndiyo, mjomba."

"Niliambiwa mnaivunja."

"Hapana. Palipo pazima tumepaacha."

Mtu wa nyuma akampokea, naye akatangulia mbele.

Makaburini tulimkuta mjomba ameshavua kanzu yake iliyoharibika na kuikunja juu ya jiwe, amebaki na fulana na kikoi. Watu wakauliza nani anashuka kaburini, ndugu wa marehemu ni nani. Mjomba Salimu akashika mkono wangu, akashuka taratibu mpaka chini, jirani na baba, akasimama, akanyoosha mikono juu kumpokea dada yake.