Kivuli Kwenye Laptop ya Baba

Baba aliponiambia nimuuzie laptop yake, nilichoka kabla hata sijaibeba. Mimi ndiye mkubwa kwetu, na kwetu mkubwa ndiye anayetumwa. Nilikuwa nimetoka zamu kiwandani Zegereni, nikabadili magari hadi Kisarawe kumjulia hali, na sasa narudi kwangu Mkuza, Kibaha, na mzigo begani. "Huko kwenu Kibaha wanunuzi hawakosekani," alisema. Utadhani walikuwa wamepanga foleni mlangoni kwangu.

Laptop yenyewe ilikuwa ya siku nyingi. Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na tangu mama afariki, ile mashine ndiyo ilikuwa shughuli yake. Aliwachapia majirani barua za posa, maombi ya kazi, mihtasari ya kamati ya msikiti. Watu walikuja barazani, wakamwamkia, wakakaa, wakazungumza. Siku hizi alikuwa ameacha kuchapa, maana alisema kioo kimekufa, na baraza ikawa kimya. Alitaka hii iuzwe, aongezee kidogo, apate nyingine, watu warudi. Nilitamani kukataa lakini nilishindwa.

Kabla sijaondoka alinikalisha aniambie ubovu wote.

"Usimfiche mtu," alisema. "Betri imekufa, ukichomoa waya inazima hapohapo. Bawaba ya kulia imelegea, ukifungua ushike kwa mikono miwili. Feni inanguruma. Lakini kubwa ni kioo. Chini, upande wa kushoto, kuna kivuli. Kilianza kidogo, sasa kinapanda. Kinameza maneno."

"Baba, mtu ukimwambia yote hayo atanunua nini?"

"Atanunua kilichobaki."

Nilicheka bila kupenda.

Mteja nilimpata mtaani kwangu, dada mmoja aliyekuwa anafungua steshenari. Alikuja sebuleni, nikamweleza kama nilivyotumwa. Betri, akaitikia kwa kichwa. Bawaba, akaijaribu mwenyewe. Feni, akasema duka litakuwa na kelele zaidi ya hizo. Nilipofika kwenye kioo akainama, akafungua ukurasa mweupe, akautazama kwa mbele, akautazama kwa pembeni.

"Dada, mbona mimi sikioni hicho kivuli?"

Na mimi sikukiona. Kioo kilikuwa cheupe kona hadi kona. Nikasema labda mpaka ipate moto. Tukaiacha inawaka, tukanywa chai, maandazi yakaisha, kivuli hakikuja.

"Ubovu ninaouona siuogopi," alisema mwishowe, akijifunga mtandio vizuri. "Huu wa kuja na kuondoka utakuja kuniaibisha mbele ya wateja. Nipe muda nifikirie."

Nikajua ndiyo ameshaondoka hivyo. Nilimkasirikia baba, nasema kweli. Mtu mzima umekaa zako Kisarawe unaitungia mashine maradhi, mimi huku nakosa mteja, na miguu bado inaniuma kwa kusimama kiwandani. Nikachukua simu nimpigie nimpe vidonge vyake. Nikawa natafuta namba yake, ndipo nikamkumbuka mama muuza vitumbua, nikaiweka simu chini.

Yule mama ni jirani wa baba. Siku niliyokwenda kuichukua laptop alinisimamisha njiani kulalamika kwamba mwalimu siku hizi anajisikia. Anampungia mkono kila asubuhi na baba anakaa tu, hamjibu. Nilimjibu kwamba ni uzee, nikapita. Na siku hiyohiyo, tukila, baba alikipiga kikombe kwa mkono, chai ikamwagika mkekani, nikafuta huku nanung'unika. Kikombe kilikuwa kushoto kwake. Nyumba ya yule mama nayo, ukikaa pale barazani, iko kushoto.

Niliogopa. Sikuwa nimeogopa vile tangu mama yangu alipolazwa.

Siku yangu ya mapumziko, badala ya kulala, nikarudi Kisarawe na ile laptop. Nilimkuta barazani, peke yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wameikataa?"

Nikaiweka mbele yake, nikachomeka waya, nikafungua ukurasa mweupe.

"Kivuli kipo?"

"Si hicho hapo."

"Ziba jicho la kulia."

Akaziba. "Kipo. Tena kimekuwa kikubwa."

"Sasa ziba la kushoto."

Akaziba, akauinamia ukurasa. Mkono ulibaki usoni muda mrefu. Kisha akaanza kuuhamisha, jicho hili, jicho lile, kama alivyokuwa akirudia hesabu ubaoni ikikataa. Mwisho akaziba lile zima na kugeuka polepole. Akatazama ukuta, akatazama mlango, akanitazama mimi.

"Hata wewe," alisema. "Bega lako moja silioni."

Nilimwambia kesho tunakwenda hospitali, Tumbi, nimeshaomba ruhusa kazini. Hakubisha. Baba yangu hubishana hata na mtangazaji wa redio, na kule kutobisha kwake kuliniumiza kuliko maneno yoyote. Nikamwambia tena, kwa sauti ya kuchangamka ambayo sikuwa nayo, kwamba basi hakuna haja ya kuuza, kumbe mashine nzima.

"Nitaitazamia nini?" aliuliza.

Alishika kioo kwa mikono miwili, kwa ajili ya ile bawaba, akakifunga taratibu. Kisha akanigeukia, akanitazama kwa jicho lile zima.

"Yule binti aliacha shughuli zake akaja kuangalia, tukamwambia uongo. Mpigie. Mwambie kioo ni kizima, mbovu ni mimi."

Nikapiga. Nilimwambia la kwanza. La pili sikuweza kulitamka.