Mbuzi wa Kwanza wa Faini Mpya

Saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka, Anwari Muhidini anapita kwenye vibanja vya migomba vya kijiji chake huko Buganguzi, wilayani Muleba. Begani ana kamba ya manila aliyoinunua Bukoba. Anatafuta mbuzi.

Anwari, mwenye miaka 47, ni mgambo wa kijiji. Kwa miaka kumi na moja amekuwa akikamata mifugo inayoingia kwenye vibanja vya watu na kuipeleka ofisi ya mtendaji, mwenye mali aje alipe faini. Katika kila faini, yeye hupata sehemu ya kumi.

Shida ilikuwa faini yenyewe. Iliwekwa mwaka 1998: shilingi elfu moja kwa kila mbuzi. Wakati ule, anasema, elfu moja ilinunua mkungu wa ndizi na chenji ikabaki. Siku hizi mkungu mzuri kwenye soko la Kagoma ni elfu ishirini, lakini faini haikusogea.

"Mtu anatoa elfu yake huku anacheka," anasema. "Mimi nimekimbizana na mbuzi nusu saa, napata shilingi mia. Kazi yangu ilikuwa imegeuka mzaha."

Aliyemkera kuliko wote ni jirani yake, Kamala. Huyu alipiga hesabu zake vizuri tu: mchungaji anataka elfu sitini kwa mwezi, ilhali mbuzi wake wawili wakikamatwa hata mara kumi, faini ni elfu ishirini. Basi akawaachia.

Siku moja alilipa kwa noti ya elfu kumi, akakataa chenji. "Hiyo nane wekeni," alisema. "Ni ya siku nne zijazo." Karani, ambaye kwa vyovyote hakuwa na chenji, akaiandika kwenye risiti.

Kibanja kilicholiwa ni cha Edvina, mjane wa miaka 61. Kila chipukizi la mgomba lililochomoza liliishia tumboni mwa mbuzi wa Kamala. "Wao ofisini walipata elfu zao," anasema. "Mimi nilibakiziwa kinyesi."

Ni yeye aliyesimama kwenye mkutano wa kijiji. Aliwakumbusha watu kwamba enzi za baba zao mkosaji alilipa kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi. "Kibuyu cha jana na cha leo ni kile kile, jamani waitu. Hela yenu ndiyo imekonda."

Akapendekeza faini iwe bei ya mkungu mmoja, na kila Januari mtu atumwe Kagoma kuuliza bei. Wanakijiji wakakubali, halmashauri ikapitisha. Faini ikawa elfu ishirini.

Asubuhi ya kwanza ya faini mpya, Kamala alikuwa ofisini na risiti yake mkononi, akidai siku zake nne ziheshimiwe. Kabla hajajibiwa, Edvina akatokea akivuta mbuzi mweupe mwenye sikio moja jeusi.

Anwari alimtambua kutoka mbali. Alikuwa mbuzi wake. Mkewe, Sada, alikuwa amemfunga kwenye kigingi kilicholegea.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema.

"Ta Anwari," Kamala akamwambia, akimwita "bwana" kwa Kihaya, "nikukopeshe siku zangu?"

Watu wakaangua kicheko. Anwari hakucheka. Alikwenda nyumbani, akarudi na elfu ishirini, akalipa, na ile sehemu yake ya kumi akaikataa. Kamala akaikunja risiti yake akaitia mfukoni. Mchana wa siku hiyo alionekana dukani akinunua kamba.

Ni miezi miwili sasa. Mwezi wa kwanza wa faini mpya Anwari alikamata mbuzi watatu. Mwezi huu, hakuna hata mmoja. Zamani walifika thelathini kwa mwezi. Kwake maana yake ni kwamba mwezi huu hajapata senti, na hilo linamuuma, hafichi.

Mpango wake ni kupanda miche arobaini ya kahawa mvua zikianza. Eneo analo tangu zamani. "Nilikuwa sipandi," anasema, "kwa sababu mbuzi wa hapa nawajua."

Edvina amemwahidi machipukizi ya migomba ya kuipa kahawa kivuli. Mwaka huu anayo ya kutosha kugawa.

Asubuhi hii Anwari anafika mwisho wa vibanja, kamba bado begani. Mbuzi analia mahali fulani. Anwari anasimama, anasikiliza, kisha anaendelea na safari.

"Huyo ni wangu," anasema. "Yuko nyumbani."