Nilimfanya mzee wa Walthamstow afute nota yake, na haikuwa na kosa

Wakuu, salamu kwenu. Haya nimeyafanya kwa mkono wangu, sikusimuliwa.

Nimetangatanga sana. Songea, Dar, Nairobi, sasa niko London, mtaa wa Walthamstow, mwaka wa tisa, nafanya care, kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Shule niliishia form four. Nikikumbuka nyumbani, nakumbuka kwaya.

Mwaka jana nikapewa client, Mzee Peter, mwalimu wa muziki mstaafu. Alikuwa ananakili wimbo wa Kiitaliano wa miaka mia sita na zaidi, sauti tatu, kutoka picha za kitabu kilichoandikwa kwa mkono. Hamu yake ilikuwa moja: uchapishwe sawasawa kabla hajafa.

Akaomba tumwimbie, mimi na Mama Furaha, Mkongomani tunayepokezana naye shift. Mzee mwenyewe angeimba sauti ya tatu.

Nota za mistari hatuzijui. Mzee akawa anatutajia, naandika d, r, m, f, s (do, re, mi, fa, so) kama kwaya za kwetu.

Kuna mahali mimi nina f, Mama Furaha ana s, kwa pamoja, sauti mbili jirani zinazogongana. Masikio yaliwasha.

"Baba, hapa tunaimba ao tunagombana?" Mama Furaha akacheka.

Kwetu mwalimu wa kwaya angekutoa mstarini. Nikamwambia mzee, "Hapo macho yamekudanganya. Itakuwa m."

Tukaimba na m. Tamu.

Mzee akaiinamia tena picha ya ukurasa ule. "Miaka yote hii nimeona f," akasema. Kisha akachukua raba akafuta, karatasi zikaenda kuchapwa.

Mwezi uliofuata akafariki.

Nikimsaidia binti yake kupanga karatasi za mezani kwake, niliikuza ile picha ya ukurasa kwenye simu. Kuhesabu mistari mzee alishanifundisha. Nikahesabu mara nne.

Ilikuwa f. Na kurasa zilizofuata migongano kama ile imejaa. Watu wa enzi zile waliipenda.

Mazishini binti akatugawia nakala iliyochapwa. Tukaimba na m. Watu wakasifu utamu wake. Binti akanishika mkono: "Dad angefurahi sana."

Nikaitikia kwa kichwa.

Nilichojifunza: sikio langu lilifunzwa Songea, halikuwa na haki ya kusahihisha kila kitu duniani. Na mgonjwa anayekuamini, ukimtilia shaka anaamini shaka yako.

Binti bado hajui. Anapiga simu kila Jumapili kunishukuru.

Wanakwaya na mnaofanya care, nishaurini. Nimwambie, au nimwachie utamu wake?