Printa ya Sebuleni

Mume wangu alipopigwa na kiharusi, ulimi ulikufa na mkono wa kulia ukafuata. Alibaki na mkono wa kushoto, macho, na hasira. Mimi nilibaki na yeye, na darasa langu kule Kachibora, na uchovu ambao hata leo nikiukumbuka magoti yananiuma.

Tulikuwa tumepanga nyumba Kitale. Ruhusa ya kazini ilipoisha, mama yangu mzazi akaja kutoka Bungoma kunisaidia. Watu wakanipongeza, ati una bahati, mama yuko nyumbani. Bahati gani? Kwetu Wabukusu mama na mkwe wake hawaonani ana kwa ana. Hawapeani mkono, hawali meza moja, na chumba cha kulala cha mkwe ndiyo kabisa, mama hakanyagi. Tangu nilipoolewa, mama yangu hakuwahi kumtazama mume wangu usoni. Sasa huyu ndiye wa kuachiwa mgonjwa! Uji angeupika vizuri sana, halafu nani aupeleke?

Jirani yetu, mzee mstaafu wa upande wa pili wa ua, alikubali kuitwa wakati wowote. Lakini mama angejuaje wakati? Kengele tulijaribu. Mume wangu aliigonga, mama akaja mpaka mlangoni, akageukia ukuta na kuuliza, "Ni nini, baba? Ni maji? Ni choo?" Na yule hawezi kujibu. Simu nayo ikatushinda: vitufe vidogo kwa kidole kizito, na macho ya mama hayasomi maandishi ya simu hata umlipe.

Ndipo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, fundi wa kompyuta huko Bungoma, akatuletea rauta, kile kisanduku cha kurusha mtandao. Printa tulikuwa nayo, kuukuu, ya waya, ambayo mume wangu aliitumia kuchapa mitihani alipokuwa bado anafundisha. Shemeji akachomeka waya wa printa nyuma ya rauta, akaziweka zote mbili juu ya kabati la sebuleni. Laptopu ya chumbani, akasema, itatuma maneno hewani. Mgonjwa angeandika kitandani kwa kidole kimoja, na karatasi ingetoka kule kwa mama, herufi kubwa.

"Bila waya?" mama akauliza.

"Bila waya, mama."

"Na akitukana?"

"Si utasoma tu."

Siku ya kwanza printa ilitema kurasa nzima za nyota, vijiti na herufi zisizosomeka. Shemeji akajikuna kichwa. Kumbe alikuwa ameweka programu ya printa nyingine. Mama akaziangalia zile karatasi kwa heshima zake zote. "Mkwe wangu amejazwa Roho," akasema. "Ananena kwa lugha." Nikasikia sauti chumbani, ile sauti ya koo aliyobaki nayo. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue. Nikaenda jikoni nikalia.

Programu ikarekebishwa, na nyumba ikaanza kuongea. MAMA UJI MOTO SANA. MAMA ITA JIRANI CHOO. Jioni nilikuwa nikirudi nimechoka hata kusalimu ni kazi, nakuta mama ana habari nyingi kuliko mimi. "Leo ameniuliza kama mahindi ya kwetu yamebeba." Miaka yote ya ndoa yetu hawakuwa wameongea hivyo. Niliona wivu, sitaficha. Mimi aliniandikia dawa na shuka. Mama aliandikiwa mahindi.

Siku yenyewe, mvua ya Kitale ilikuja mchana na radi zake. Mama akafanya kile ambacho kila mama wa kwetu hufanya radi ikianza: akachomoa kila kitu ukutani. Redio, taa, rauta, printa. Akafunika kioo kwa kitambaa, akaketi mbali na dirisha. Mvua ilipiga mabati muda mrefu, hata ungeitwa usingesikia. Chumbani laptopu ilikuwa na chaji yake, na mume wangu alikuwa anaandika.

Mvua ilipokatika, mama akarudisha nyaya. Haya amenisimulia mwenyewe, mara nyingi, hata nisipouliza. Rauta ikawaka, printa ikakohoa, na karatasi zikaanza kutoka, moja nyuma ya nyingine, yote aliyoyatuma wakati printa imezimwa. MAMA MAJI. MAMA KICHWA. MAMA KICHWA SANA. MAMA UKO. Na ya mwisho: MAMA USIINGIE. ITA JIRANI.

Mama alimwita jirani pale uani mpaka sauti ikamkauka. Mzee wa watu alikuwa amekwama mjini kwa mvua hiyo hiyo. Mama akachukua leso, akajifunika uso, akaingia akipapasa ukuta. Mume wangu alikuwa ameteleza, nusu kitandani, nusu sakafuni. Mkono mmoja wa mama uliishika leso, na mkono mmoja uliobaki haukuweza kumwinua. Akaiachilia leso.

Nilifika kutoka Kachibora na matope mpaka magotini. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi. Mama alikuwa ameketi kitandani kwetu, kichwa cha mume wangu mapajani mwake, anampangusa paji la uso. Mume wangu alikuwa amekwisha kukata roho. Mama hakuniangalia.

"Ana kovu hapa juu ya jicho," akasema. "Sikujua ana kovu. Alilipata wapi?"

Nikamwambia ni baiskeli, utotoni.

Tulimzika kwao, Bumula. Baada ya maziko wazee wa ukoo wake wakatuweka kando, wakauliza nani alikuwa naye, nani alimfumba macho. Nilitaka kusema ni mimi. Nilishafungua mdomo niseme uongo nimwokoe mama, lakini yeye akasimama, mbele ya wakwe wote, leso mabegani.

"Ni mimi."

Watu wakanong'onezana. Mzee mmoja akaguna, ati aibu gani hii, lazima itozwe faini. Mama akamgeukia, akamtazama usoni.

"Kuingia niliingia, mzee. Lakini niliingia nimechelewa. Hiyo ndiyo aibu yangu, na nyinyi hamna faini yake."