Ukuta kwa Jumla na Rejareja

Mtu wa Kariakoo hafundishwi bei ya jumla, anazaliwa nayo. Mimi ni wa Ilala, pua na mdomo na Kariakoo, wazazi wangu walikuja kutoka kusini, na kabla sijajua kuandika jina langu nilishajua kwamba anayechukua dazeni hawezi kulipa sawa na anayechukua kimoja. Ukimtoza sawa atakutukana, na majirani watamuunga mkono. Akili hiyohiyo nusura inifungie biashara.

Ilikuwa miaka ile mizigo ya Dubai inaingia tu kama haina mwenyewe, na kila mtu mjini ana biashara, hata asiyejua anauza nini. Nilikodi chumba cha chini pale Mchafukoge, kwenye nyumba ya ghorofa ya tajiri mmoja wa Kihindi aliyeuza vitambaa, nikakijaza kompyuta za mtumba, zile zenye makalio makubwa. Nje niliandika "Intaneti", lakini intaneti yenyewe ilikuwa ya kubembeleza. Barua pepe moja inafunguka mteja ameshasinzia. Kilicholeta watu ni gemu.

Gemu lile aliliweka mpwa wa tajiri kabla hajaenda kusoma nje. Kompyuta zote aliziunganisha kwa waya na ile kubwa ya mezani kwangu, na kila mchezaji akawa na mji wake humo. Unachimba dhahabu, unafuga askari, unajenga ukuta, kisha unaupandisha ngazi kwa ngazi ili uwe mgumu zaidi. Ukiondoka, mji wako unabaki palepale, na jirani mwenye roho mbaya anaweza kuja kuuchoma. Bei za kupandisha ukuta nilizipanga mimi. Mpwa alinionyesha pa kuandika namba, akasema, "Dada, hizi usizichezee ovyo." Mimi tena! Nilianza kuzichezea hata ndege yake haijaruka.

Nilikipenda kile chumba vibaya sana. Nyumbani nilikuwa kitinda mimba, kazi yangu kuitikia "bee" na kutumwa chumvi. Pale ndani nikisema feni izimwe, inazimwa, hata mwanaume mwenye ndevu ananyanyuka kuizima.

Wateja wangu walikuwa wa namna mbili. Kulikuwa na wa mchana, makarani na wauza maduka waliokuja saa ya chakula kwa nusu saa tu. Walilipa bei kamili bila maneno, wakachekacheka, wakarudi kazini wananuka chipsi. Mmoja wao alikuwa mama muuza vitenge wa mtaa wa pili, ambaye mji wake aliujaza maua. Maua yale hayakuwa na kazi yoyote, lakini ukimwambia hivyo anakununia. Halafu kulikuwa na wa kutwa, vijana wa mtaa wa Gerezani wanaouza vipuri, na mkubwa wao alikuwa fundi wa springi za malori. Hao walishinda pale mpaka viti vikachukua umbo lao. Niliwafanyia bei ya kutwa, ambayo ilikuwa karibu na bure, na kibodi zangu wakazipaka grisi zote. Kwa kifupi, wa mchana ndio walionilipia kodi.

Siku moja fundi springi alisimama mbele ya meza yangu na sura ya mtu aliyedhulumiwa. "Dada, mimi natumia dhahabu kuliko chumba hiki kizima. Inakuwaje ngazi ya kumi ya ukuta nainunua sawa na ya kwanza? Mimi si mteja wa jumla?"

Hakuna aliyecheka. Mama wa vitenge aligeuka kwenye kiti akasema, "Hapo ana haki yake." Tajiri alikuwa amesimama mlangoni, na yeye akatikisa kichwa. "Anayechukua nyingi mpunguzie. Ndiyo biashara." Nikaandika namba mpya, ukipanda ngazi bei inashuka, na chumba kizima kikanishukuru, hata wale waliokuwa wanakwenda kuchinjwa.

Jamani, walichinjwa! Fundi na wenzake walipanda ngazi mpaka kuta zao zikafika juu kabisa, na dhahabu iliyobaki wakaimwaga kwa askari, wakawa hawasikii panga wala mshale. Wa mchana wakija saa ya chakula wanakuta majivu. Wanatumia nusu saa yao kujenga kibanda, wanarudi kazini, kabla hawajafika dukani kibanda kimeshachomwa. Mama wa vitenge alichomewa maua yake kila siku ya Mungu. Akaacha kuja. Makarani nao wakaacha, wakarudi kula chipsi zao vibarazani.

Tajiri hakuchelewa kuona. Alishuka mchana mmoja, nikamwamkia, "Shikamoo, tajiri." Akaitikia marahaba huku anahesabu viti vitupu. "Dada, mchana chumba chako kinalala, na mimi nina marobota hayana pa kulala. Kama mpaka Diwali iko hivi, naweka vitambaa." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. Nilimwambia sawa, nikaenda chooni nikalia kama mtoto. Nilijua nikinyang'anywa kile chumba narudi kuitikia "bee".

Mama wa vitenge alipita kesho yake, si kucheza, bali kunisuta. Alisimama mlangoni na mkoba kwapani. "Wewe mtoto, unauzaje ukuta kama kitenge? Mteja wangu akichukua robota zima, harudi kesho kunipiga nalo!"

Alipoondoka tu nilizigeuza namba zote, na miji yote nikaifuta ianze upya. Ngazi za chini nikazifanya karibu na bure, za kati bei ya wastani, za juu zikawa bei ya kukufuru. Fundi springi alipoziona aliruka kwenye kiti. "Yaani unatuadhibu kwa sababu tunajituma?"

"Ndiyo," nilimjibu, kwa kuwa nilikuwa na hasira na sikuwa na jibu lingine.

Wakanyanyuka wote, wakahamia kwenye chumba cha gemu kimoja kule Ilala. Nikafuta kibodi zangu, nikajipongeza. Wa mchana wakarudi, mama akapanda maua upya, kila mtu akajenga kuta zake za bei poa. Haikuchukua muda wakaanza kupiga miayo. Karani mmoja akaniuliza, "Dada, wale wahuni wenu wako wapi?" Mama wa vitenge mwenyewe alisonya. "Maua yote haya, na hakuna hata wa kuyatamani." Viti vikaanza kubaki vitupu tena. Nilitaka kuwazaba makofi wote.

Ikabidi niende Gerezani. Nilimkuta fundi springi amelala chini ya lori, nikazungumza na miguu yake, maana ndiyo iliyokuwa nje.

"Mambo?"

"Poa. Umepunguza?"

"Sipunguzi."

"Basi sisi juu tutafikaje? Dhahabu ile mtu mmoja hawezi kuichimba hata akihamia humo!"

"Kwani harusi mnafanyaje?" nikamwambia. "Kuna mtu anajilipia harusi peke yake mji huu? Si mnachangisha?"

Miguu ikatulia. Kisha akatoka chini ya lori, taratibu, uso mweusi kwa mafuta, akaniangalia kama ndiyo kwanza ananiona. Gemu lilikuwa linaruhusu mtu kumpa mwenzake dhahabu, ila hakuna aliyewahi kuwa mjinga kiasi hicho.

Kesho yake, saa ya chakula, alikuja amenawa mikono mpaka viwiko. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha mama wa vitenge. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuchoma?"

"Nimekuja kuomba mchango wa ukuta. Ukituchangia, maua yako hayaguswi, na atakayeyagusa tunamfuata mpaka kwake."

Mama alimpima juu mpaka chini. "Kamati mnayo?"

"Tunayo."

"Mwekahazina nani?"

Fundi akaanza kuwahesabu wenzake kwa vidole. "Basi ni mimi," mama akasema, akavuta kiti.

Makarani nao hawakukubali kuachwa, wakaunda kamati yao, wakaenda kuwarubuni vijana wawili wa vipuri wawe askari wao. Hapo ndipo chumba kilipofufuka. Mwenye nusu saa alikuja na kidogo chake na akaheshimiwa kwa hicho kidogo. Mwenye kutwa nzima alipigana, lakini bila wa mchana hapandi ngazi hata afe. Watu walisimama nyuma ya viti wakisubiri zamu, na kelele zilisikika mpaka barabarani.

Siku chache kabla ya Diwali tajiri alishuka na makuli wawili na mkokoteni wa marobota. Alisukuma mlango, ukakataa kufunguka wote kwa sababu ya migongo. Akachungulia, akahesabu, akarudia kuhesabu. Akawaambia makuli warudishe mzigo ghalani.

Nusura nimkumbatie. Akasema, "Kodi inapanda, dada. Ya miezi sita, kwa mkupuo."

"Inapanda? Mimi si mpangaji wako mzuri? Nimeshawahi kukuchelewesha?"

"Ulikuwa mdogo, nikakutoza kidogo. Sasa umekuwa mkubwa. Si ndivyo unavyouza ukuta?"

Fedha ile sikuwa nayo, na yeye alijua sina. Nyuma yangu fundi springi, macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta, akasema, "Karibu ngazi za juu, dada." Chumba kizima kikaangua kicheko. Machozi yalikuwa yananilenga, na kama ningekuwa na kibodi mkononi ningempiga nayo.

"Wewe unacheka nini?" mama wa vitenge akamkaripia. "Mchango wa dada uko wapi?"

Nikadhani anatania. Lakini alikuwa ameshafungua mkoba wake, na fundi springi akaacha kucheka, akaingiza mkono mfukoni.