Kitufe cha Kijani

Kwa miaka ishirini na miwili alikaa kaunta ya maktaba akiwanyamazisha watu, mpaka wasomaji wakambandika jina la Mama Kimya. Kwa hiyo mkuu wa maktaba alipomwita na kumwambia kuwa sasa kazi yake ni kuongea, wenzake walicheka hadi wakashika mbavu.

Tangu sasa vitabu vitatafutwa na kuazimwa kwenye kompyuta, na yeye atengeneze video za kuwafundisha watu. Aliwekewa programu inayorekodi kila kinachotokea kwenye skrini pamoja na sauti ya anayeeleza. Akajifungia stoo ya magazeti ya zamani, akaanza. Mara ya kwanza ulimi ulimteleza. Mara ya tano, maelezo yakiwa yamenyooka kabisa, ujumbe wa dada yake ukachomoza kwenye skrini kuuliza sufuria lake litarudi lini. Akaanza upya. Wiki tano zikakatika, video sita zikakamilika, na ingawa hakumwambia mtu, aliona zimependeza.

Wa kwanza kuzitumia alikuwa mwalimu mstaafu, mzee aliyekuja kila asubuhi na miwani minene kama vitako vya chupa. Alivaa hedifoni, akatazama, akafuata hatua moja moja, akaazima kitabu bila kumuuliza mtu. Siku hiyo Mama Kimya alitembea kwa madaha.

Jumatatu iliyofuata, kampuni yenye mfumo ule wa kuazimia vitabu ikabadilisha ukurasa wote bila kumwambia mtu. Kitufe cha kuazima, kilichokuwa cha kijani juu kulia, kikafichwa ndani ya alama ya vistari vitatu pembeni. Watu wakajaa kaunta wakilalamika. Mama Kimya akamwomba mkuu video ziondolewe.

"Ruhusa ya kufuta wanayo kampuni," mkuu akamjibu bila kuinua kichwa. "Tumewaandikia. Wewe rekodi nyingine."

"Na wakibadilisha tena?"

"Hilo unaniuliza mimi?"

Mama Kimya aliposhuka kutoka ofisi ya mkuu alimkuta mwalimu mbele ya kompyuta, pua inakaribia kugusa skrini. Akamwamkia, akamweleza kuwa kitufe hakipo tena. Mzee akatikisa kichwa.

"Mwanangu, nimekusikia mara nne. Unasema kipo juu kulia."

"Mwalimu, ile ni ya zamani. Wamekiondoa."

"Kama wewe unasema kipo, basi kipo. Haya macho ndiyo yamenitupa."

Mama Kimya alimshika mkono, akamwonyesha vile vistari, akamwapia kuwa macho yake hayana neno. Mzee akamshukuru kwa upole, ule upole wa mtu aliyeona anabembelezwa, akaondoka bila kitabu. Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa.

Wiki ya tatu akaja binti wa mwalimu, mwanamke mtu mzima, kurudisha vitabu vyote vilivyobaki nyumbani. Akasema baba ameacha kusoma, na miwani ameigawa. Mama Kimya alimsimulia habari ya kitufe tangu mwanzo hadi mwisho, akamsihi akamweleze.

"Tumemwambia kila namna," binti akasema. "Anasema sauti yako mwenyewe ilimwambia."

Mama Kimya akavipokea vitabu, kimoja kimoja, akavirudisha kwenye rafu zao. Video za zamani zilikuwa bado zipo. Kampuni haikuwa imejibu. Akaingia stoo, akawasha programu, akasema, "Karibuni maktaba." Akaisikiliza sauti yake, ile ile aliyoiamini mzee. Akafuta, akabonyeza tena, akasema, "Karibuni."