Pongo Ambaye Alistidia Hakumchora

Mvua imekatika Bukoba, lakini paa la bati la nyumba hii ya Kashai bado linadondosha matone kwenye beseni. Alistidia Kokugonza anachota maji ya beseni hilo kwa kikombe, anayapeleka kwenye meza iliyo karibu na dirisha, na kuketi. Mbele yake ipo karatasi nene, ndogo kama zile picha takatifu zinazowekwa ndani ya vitabu vya sala. Kutoka katika karatasi hiyo, ngedere anamtazama.

Ngedere huyo hana mwili bado. Ana macho mawili, paji jeupe la uso, na kivuli cha kijivu mahali ambapo mgongo utakuja kuwa.

“Mimi huanza na jicho,” anasema bila kuinua kichwa. “Jicho likikubali, mnyama mzima anakuja. Likikataa, natupa karatasi. Rangi ya maji ukijaribu kuifuta, unaichafua zaidi.”

Rangi nyeupe hana, wala haitafuti. Weupe wa paji la ngedere ni karatasi yenyewe, ambayo ameizungushia rangi kwa ncha ya brashi bila kuigusa. Picha ikimalizika itawekwa umbali wa hatua moja kutoka kwenye jiko la mkaa, kwa sababu katika msimu wa mvua hakuna kinachokauka chenyewe mjini hapa.

Alistidia, mwenye umri wa miaka sitini, huchora miziro. Kila ukoo wa Wahaya una omuziro wake, yaani mnyama, ndege, samaki au mdudu ambaye watu wa ukoo huo hawamli wala hawamdhuru. Mtoto hufuata ukoo wa baba, na watu wa ukoo mmoja ni ndugu, hawaoani. Harusi inapokaribia, familia humwagiza picha mbili, omuziro wa bibi harusi na wa bwana harusi, zikae pamoja katika fremu moja. Jozi moja huuzwa shilingi elfu sitini. Kazi hiyo, anasema, ndiyo iliyomlisha tangu alipofiwa na mumewe, Mwalimu Kyaruzi, na watoto wake kuhamia Mwanza.

Alizaliwa Kagoma, wilayani Muleba, katika kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, kilichopakana na bonde lenye msitu. Uchoraji alifundishwa na Sista Clotilda, mtawa aliyekuwa akichora picha takatifu kwa ajili ya komunyo ya kwanza, na ndiyo maana hata leo hawezi kuchora kitu kikubwa. “Sista alinipa mapambo ya pembeni: njiwa, kondoo, samaki. Watakatifu alibaki nao mwenyewe. Nikamzoea mnyama kuliko mtakatifu.”

Lakini mnyama wa kwanza kumkazia macho hakuwa wa Sista. Alikuwa pongo, swala mwekundu mwenye madoa meupe ubavuni, aliyetoka bondeni jioni kula majani ya maharage. Pongo, ambaye kwa Kihaya huitwa engabi, ndiye omuziro wa ukoo wao.

“Baba hakumrushia jiwe hata siku moja. Alisimama mlangoni akakohoa. Pongo alimaliza kwanza jani lililokuwa mdomoni, ndipo akaondoka, taratibu, kama mgeni aliyekwisha kuaga. Mama yeye alikuwa wa ukoo mwingine, na maharage yalikuwa yake. Alikuwa akilalamika jikoni, ‘Kohoa kwa nguvu basi, waitu!’”

Anacheka hadi anaweka brashi chini.

Katika miaka yote ya kazi yake, Alistidia amechora fisi maji, korongo, mamba, hata mende. Pongo hakumchora. Familia za ukoo wake mwenyewe zilipokuja na maagizo, aliwaomba radhi na kuwarudisha. Na sasa aliyeagiza ni Annastella, binti wa kaka yake, anayeolewa Desemba na kijana wa ukoo wa ngedere.

“Ameniambia, ‘Shangazi, unataka niolewe na fremu yenye upande mmoja?’ Nitamjibu nini?”

Aliyetengeneza fremu hiyo anaingia bila kubisha hodi. Ni Dastan, seremala wa mtaa wa pili, mwenye mvi na vumbi la mbao kwenye nyusi.

“Dada, picha zako zinazidi kuwa ndogo. Mwakani utaniletea kiroboto.”

“Na wewe misumari yako inazidi kuwa mikubwa. Fremu ya juzi ilikuwa kama mlango wa zizi.”

“Zizi lenyewe limenunuliwa, au halikununuliwa?”

“Limenunuliwa kwa ajili ya picha, kaka.”

Wanaitana kaka na dada, na ndivyo walivyo. Lakini zaidi ya miaka thelathini iliyopita walikuwa wachumba, na ilibaki msimu wa kahawa uishe ili posa ipelekwe Kagoma.

Baba yake Dastan alifariki mtoto akiwa bado anabebwa mgongoni. Mama alirudi kwao Kaagya, na Dastan akalelewa ujombani. “Wajomba hawakula kambaremamba, yule samaki wa matopeni, nami sikula,” anaeleza. “Nilijua huo ndio omuziro wangu. Nani angeniambia vingine? Mama aliolewa tena, na kwa baba hatukuwa tukienda.”

Alistidia, binti wa miaka ishirini na kitu, aliamua kuandaa jozi ya harusi yao mwenyewe. Alianza na ya mchumba: kambaremamba, mgongo umepinda, magamba yakimeta kwa rangi nyepesi mno. Kabla ya kugusa pongo wake, aliipeleka kwa Bi Gaudiosa, shangazi yake Dastan upande wa baba, aliyeishi vilima vichache kutoka Kagoma. Alitaka mzee huyo awe wa kwanza kuiona.

“Aliisogeza kwenye mwanga akacheka,” Alistidia anakumbuka. “Akasema, ‘Samaki mzuri, mwanangu. Lakini huyu ni wa wajomba zake. Dastan wetu ni wa engabi.’ Nikamwambia, ‘Shangazi, engabi ni mimi.’ Akaacha kucheka.”

Wazee wa pande zote mbili waliulizwa, na jibu halikubadilika. Posa haikwenda. Hakuna aliyelaumiwa, na pengine hilo ndilo lililokuwa gumu kulibeba.

“Jioni ile nilipofika nyumbani, pongo alikuwa kwenye maharage kama kawaida,” anasema Alistidia. “Niliokota jiwe. Sikulirusha. Lakini niliokota.”

Dastan anatazama dirishani. Inaonekana hili alikuwa hajalisikia.

Baadaye alimwoa Judica, Mlutheri mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi. Alistidia aliolewa na Mwalimu Kyaruzi. Wote walihamia Kashai kwa nyakati tofauti, na mchoraji akahitaji fremu.

Kwa ajili ya Annastella, mwezi uliopita Alistidia alijaribu kumchora pongo. Karatasi baada ya karatasi, jicho lilikataa. “Kila nikimwanza, anatoka kama mtuhumiwa mbele ya baraza. Nikajua kosa si la brashi.”

Akapanda gari hadi Kagoma. Kibanja sasa ni cha kaka yake, na sehemu kubwa ya bonde imejaa mikaratusi. Wifi yake wa huko alimhakikishia kwamba pongo mmoja, dume, bado anafika. Asubuhi ya pili alimwona, amesimama kati ya maharage.

“Alikuwa anatafuna. Alinitazama, akaendelea kutafuna. Mimi nimemnunia tangu ujana wangu, na yeye hana habari, yuko kwenye maharage!”

Anainuka, anaondoa kipande cha kitambaa karibu na jiko. Chini yake yupo pongo, shingo imegeuka, jani limening’inia mdomoni. Madoa ya ubavuni ni karatasi tupu, tonetone, kama nuru iliyopita katikati ya majani. Macho hayana lawama yoyote.

Dastan anainama kuitazama. Anafuta vumbi mikononi ingawa hajaigusa.

“Baba yangu sikumjua,” anasema hatimaye. “Nikimwona huyu, ni kama nimeonyeshwa kitu chake.”

Ni wakati huo ambapo Judica anaingia na mkungu wa ndizi kichwani, akimtafuta mumewe. “Wifi, huyu kaka yako nimemtuma misumari tangu asubuhi!” Kisha anaiona picha. Anatua mkungu polepole.

“Umemchora,” anasema.

“Nimemchora.”

“Basi leo nasema. Harusi yetu ulituletea sahani na sufuria, nikashukuru, nikanyamaza. Nilijua kwa nini hukuchora. Lakini wifi, wanangu wote ni wa pongo, na ukutani kwangu kuna kalenda.”

Alistidia anachukua penseli mezani.

“Na upande wako ni nani?” Alistidia anauliza, ingawa anamjua wifi yake vizuri.

“Senene. Kila msimu nawatoa mbawa kwa ajili ya nyumba nzima na sionji hata mmoja. Umchore mnono, mwenye mbawa zake zote.”

“Fremu nitaitengeneza bure,” anasema Dastan.

“Bure? Fremu ya ukutani kwako mwenyewe?” Wanawake wote wawili wanamcheka, naye anaubeba mkungu na kukimbilia mlangoni.

Baada ya harusi ya Annastella, Alistidia anakusudia kuwatafuta wale wa ukoo wake aliowarudisha, na kuwaambia kwamba sasa anapokea. Kabla yao, atasubiri senene waanguke mwezi ujao, apate mmoja aliye hai wa kumtazama.

Judica akisha kuondoka, anakata karatasi mpya mbili, anazigeuza, na nyuma ya kila moja, kama anavyofanya kwa maharusi wote, anaandika kwa penseli: Dastan na Judica.